Unga wa Mama Mukubwa Henriette

Goma, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Kwa Yaya Donat,

Nakusalimu sana, kaka yangu, wewe na muke wako Élisabeth, na mama, na kitinda mimba wetu Katungu, na juu ya wote Mama Mukubwa Henriette, ambaye najua atakufinya sikio akisikia jina lake limesomwa nyuma ya mengine. Mimi niko muzima. Barua nimemupa Hemedi, yule dereva wa fuso anayepanda huko kwetu kutafuta maharage, kwa sababu simu yako naipiga haitoki, na hapa wanasema kwenye kila kizuizi wanafungua simu za watu na kusoma mambo yao. Karatasi hawana haja nayo.

Siku ninaondoka uliniuliza mbele ya watu wote: mutu anaenda chuo kusomea kula? Basi cheka sasa hivi umalize, maana katika kula nilipata sifuri. Wiki za kwanza nilikuwa nanunua mandazi asubuhi na chai yenye sukari nyingi, muchana mandazi tena, usiku nalala. Nikaanguka ndani ya oditwari, ukumbi wetu wa masomo, kichwa kwenye benchi, damu puani. Asistan wetu Wenceslas, anayetufundisha mambo ya lishe, hakukasirika. Alitupa kazi, kila mutu aandike alichokula tangu Jumatatu. Wote tuliandika nyama, samaki, mayai. Akasoma, akasema, "Basi ninyi ni matajiri, mimi ndiye mwenye njaa hapa." Tukacheka mpaka machozi, kisha akatuambia tuandike upya, na safari hii ukweli.

Naishi na musichana anaitwa Asumini, Muislamu, baba zake wa Maniema. Mama yake anakaanga samaki pale Kituku, kando ya ziwa. Siku ya kwanza alipopika nilikaa nikimuangalia, sigusi. Akaniuliza nini. Nikamuambia kwetu mupishi anaonja kwanza mbele ya mugeni, ndipo mugeni anakula. Alishangaa, lakini akaonja, na tangu siku hiyo anaonja kila sufuria kwa mbwembwe kama padri na kikombe chake. Tunakula sambaza, visamaki vya ziwani, na mboga ya lengalenga, maharage, avoka ikiwa bei nzuri, na bugali kidogo. Nimeacha kuanguka. Mwambie Mama Mukubwa, ambaye hakuna chungu alichotupakulia bila kuonja, kwamba adabu yake imefika mpaka kwa Waislamu wa Goma.

Mambo mengine ya hapa si mazuri. Juzi hapa mutaani, katika kartie yetu, walichoma kijana, wanasema ni mwizi. Nilipita asubuhi, tairi lilikuwa bado linatoa moshi, na watoto wa shule wanaruka juu ya miguu yake ili wasichelewe. Siku hiyo sikuweza kula. Asistan anasema siku kama hizo ndizo mutu anapaswa kula.

Mudogo wako,
Masika


Rutshuru, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024

Kwa Masika, bingwa wa kula,

Salamu zako zimefika na sikio langu limefinywa. Sisi wote tunakusalimu. Mama anakohoa kidogo. Élisabeth ana mimba, usimwambie mutu, ingawa hapa kila mutu anajua. Mama Mukubwa anauliza huyo Asumini ni wa nani na kama anajua kutwanga sombe ya majani ya muhogo.

Umeniandikia avoka na sambaza nikacheka peke yangu. Hapa hakuna. Watu wa bunduki walikuja wakachukua mbuzi, wakarudi wakachukua kuku, wakarudi tena na hakuna kitu, wakamupiga mwalimu wa shule ya musingi mbele ya wanafunzi wake mpaka jicho likatoka. Shamba la maharage hatufiki, liko upande wao. Imebaki mihogo ile michungu ya nyuma ya nyumba. Na hiyo nayo ni vita. Unakumbuka tulivyokuwa tunailowesha kwenye kiziba cha maji mpaka inalainika na kunuka? Sasa ukiilaza mule siku nyingi, usiku wanakuja wanaibeba yote. Basi mama na Mama Mukubwa wanaitia jioni, asubuhi wanaitoa, wanakausha juu ya bati na Mama Mukubwa anaipiga unga. Ni chungu kidogo lakini tumbo linajaa.

Sasa jambo lenyewe. Katungu hatembei. Aliamka vizuri, akaenda kuchota maji na wenzake, akarudi anaburuta miguu, na kesho yake hakusimama. Hana homa. Miguu imekakamaa kama kuni, vidole vinaangalia chini. Anacheka, anaongea, anakula, lakini miguu si yake tena. Tulimubeba kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao, mpaka kituo cha afya, hakuna muganga, wamekimbia wote.

Watu wanasema ni karuho, sumu ya kulishwa kwa siri. Unajua vizuri mimi si mutu wa kuamini kila neno, lakini sumu ya watu wabaya iko, na kwenye mulima wa pili walimupata mama mumoja aliyekuwa analisha watoto wa jirani, wakamumalizia barabarani kwa mapanga. Hapa nyumbani nani anamulisha Katungu? Mama Mukubwa. Anakula naye sahani moja, na yeye haumwi. Watu wanaliona hilo. Sisemi kitu, nakuambia tu wanachosema.

Uliza walimu wako. Jibu upesi.

Donat


Goma, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 2024

Yaya Donat, nawasalimu wote. Hemedi yuko mulangoni, injini inawaka, milio ya mabomu inasikika toka Sake na anataka kuondoka sasa. Nimeuliza. Asistan amejua mara moja. Ni unga. Unga ule uko na sumu, ndiyo iliyoshika miguu ya Katungu. Musiule tena, mutupe wote. Nitaandika vizuri barua nyingine.

Masika


Goma, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 2024

Kwa Yaya Donat, mama, Mama Mukubwa, Élisabeth na Katungu wangu,

Nawasalimu tena, sasa kwa utulivu. Nimelala, nimekula, nimekaa mezani. Asumini anawasalimu na anasema ndiyo, anajua kutwanga sombe, Mama Mukubwa apunguze wasiwasi.

Kikaratasi kile nilikiandika nimesimama, nikaogopa kwamba hamtaelewa. Sikiliza sasa, na usome kwa sauti watu wote wa nyumba wasikie. Hiyo sumu hakuna mutu aliyeitia. Imo ndani ya muhogo muchungu wenyewe, tangu ardhini, kila muhogo muchungu wa kila mutu. Babu zetu walijua, ndiyo maana waliilowesha mpaka inalainika na kunuka. Maji ndiyo yanaitoa. Ukiitoa asubuhi ya kwanza, sumu inabaki ndani, inakauka nayo, inapigwa nayo, inapikwa nayo. Mama Mukubwa anapiga unga kama alivyoupiga siku zote. Ubaya ni wa wale wanaowafanya muogope kuilaza majini.

Uliandika kwamba yeye anakula na Katungu na haumwi. Nilimuuliza Asistan hata hilo. Alisema ugonjwa huu unapenda watoto na wanawake vijana, na unapenda mutu asiyekula kitu kingine. Mwili una njia ya kuitoa hiyo sumu, lakini kazi hiyo inataka maharage, samaki, yai, karanga. Wewe Donat unakula mushikaki barabarani ukiwa na rafiki zako, usikatae, nakujua. Na Mama Mukubwa, hebu mutazame anavyokula. Anaonja, anavunja tonge mbili, lingine anamusukumia mutoto. Amekuwa hivyo tangu mimi mudogo.

Miguu ya Katungu, na hapa nimelia, huenda isirudi kama zamani. Lakini haitazidi kuharibika mukiacha unga ule. Atajifunza fimbo. Hauambukizi. Kama hamuna chakula kingine, lowesheni ndani ya nyumba, kwenye pipa lile la papa, baba yetu, siku tatu mpaka nne, mihogo ikiwa imemenywa, mpaka ikibonyea mukononi. Nani ataiba ndani ya nyumba? Na tafuteni karanga, hata kiganja kimoja kwa mutoto na kwa Élisabeth mwenye mimba.

Wiki hii tulikwenda staji, mazoezi ya kazi, katika kambi ya wakimbizi Kanyaruchinya kupima mikono ya watoto. Kuna kitepe chenye rangi, ukikizungusha mukononi kinakuambia kama mutoto amekonda. Tulipokuwa tunapima wakaingia wanaume wanafukuzana, wakafyatua risasi kati ya mahema ya bashi. Mama aliyekuwa mbele yangu akaanguka, mutoto wake bado ana kitepe mukononi. Rangi ilikuwa ya kijani, mutoto yule alikuwa amelishwa vizuri.

Musomee Mama Mukubwa barua hii yote.

Masika


Rutshuru, tarehe 5 mwezi wa kwanza 2025

Kwa Masika,

Heri ya mwaka mupya. Sisi hapa wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakohoa bado. Élisabeth tumbo linakua. Katungu anakaa mulangoni, anaota jua, anakusalimu.

Kikaratasi chako kilifika na Hemedi. Tulifanya ulivyosema. Ile barua nyingine uliyoahidi haijafika. Hemedi hatujamuona tena, hii nampa mutu wa pikipiki.

Noeli ilikuwa ya kimya. Watu wa bunduki walikuja tena, wakachukua hata sufuria. Unga ule wa kwanza tuliutupa lakini njaa haingoji, tumepiga mwingine. Sasa Élisabeth ndiye anaupiga.

Soma kwa bidii. Usitembee usiku.

Donat


Goma, tarehe 23 mwezi wa pili 2025

Kwa Yaya Donat,

Nakusalimu, na mama, na Élisabeth, na Katungu. Barua yako ya mwaka mupya imenifikia juzi tu, imekunjamana kwa jasho la watu. Mimi ni muzima. Nasema muzima kwa sababu nimehesabiwa kati ya waliobaki.

Habari za vita kuingia Goma bila shaka mumezisikia. Siku zile hatukuwa na maji wala umeme, tulilala chini ya meza mimi na Asumini na mama mwenye nyumba, Cibalonza. Risasi zilipita kwenye bati kama mvua ya mawe. Siku ya tatu waliingia wanaume, sijui wa upande gani, hawakuwa na alama. Walitukuta na sufuria ya maharage motoni. Wakatuambia tuonje. Tukaonja. Wakala yote wamesimama, kisha wakamuuliza Cibalonza unga uko wapi. Akasema hakuna. Wakamupiga kitako cha bunduki mudomoni, meno yakaanguka ndani ya sufuria tupu, na nilisikia yalivyolia. Unga ulikuwa ndani ya godoro. Hakuutaja.

Kaka yake Asumini alitoka kwenda Kituku kumutafutia mama yao maji. Tulimukuta kwenye barabara na bidoni zake mbili za maji, zimetobolewa kama yeye. Tulimubeba sisi wasichana, maana wanaume walikuwa wanaogopa kuchukuliwa. Baada ya hapo tulipitia wengine wengi, wamelala, na watu wanawafunika kwa makarton. Nimekula kila siku. Nimejilazimisha. Tulikuwa tunalowesha maharage tangu asubuhi ili yapikwe kwa makaa machache, tunagawana na watoto wa jirani kwa kijiko, sawa kwa sawa. Hicho ndicho nilichojifunza chuoni mwaka huu.

Hemedi alikufa. Walimupiga risasi kwenye kizuizi, safari yake ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Ndugu yake Useni amechukua fuso, na katika koti la marehemu akakuta barua yangu ndefu, haijafunguliwa. Ndiyo hii nimeiweka pamoja na hii. Soma ile kwanza. Donat, unga wa sasa ni uleule. Kubadilisha mupigaji hakusaidii kitu. Soma ile kwanza.

Sasa nakuuliza. Katika barua yako umenipa habari za mama, za Élisabeth, na salamu za Katungu. Nimeisoma na kuisoma. Mbona salamu za Mama Mukubwa hazimo? Yeye ambaye hata mukigombana lazima useme ananisalimu. Na kwa nini Élisabeth ndiye anapiga unga? Tangu lini Mama Mukubwa akaacha kinu chake kwa mutu?

Kama anaumwa, niambie. Kama mumegombana, niambie.

Masika


Rutshuru, tarehe 13 mwezi wa nne 2025

Kwa Masika,

Leo ni Jumapili ya Matawi. Nawasalimu wewe na Asumini, pole kwa kaka yake, na pole kwa Umi muke wa Hemedi. Mama hakusalimu kwa sababu mama haongei. Tangu mwezi wa kumi na mbili haongei na mimi.

Barua zako mbili zililetwa na Useni zamani. Nilizisoma nyuma ya nyumba nikaziweka chini ya godoro. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Sasa naandika mpaka mwisho hata mukono ukatae.

Kikaratasi chako kilipofika watu walikuwa wamejaa uani, wamekuja kumuangalia Katungu. Nikakisoma kwa sauti. Unga ule uko na sumu, ndiyo iliyoshika miguu ya Katungu. Ndivyo uliandika. Hakuna aliyeuliza kitu. Wote waligeuka kumuangalia mutu anayepiga unga.

Mama Mukubwa alikuwa pale pale, na muchi mukononi. Aliuliza, "Mutoto wetu ameandika nini tena?" Nikasoma mara ya pili. Akasema Masika hawezi kuandika hivyo, au kuna maneno yamebaki njiani. Alisema hivyo, Masika. Maneno yamebaki njiani.

Jioni vijana wa kijiji wakaja, Théogène akiwaongoza, na bidoni ya petroli na tairi. Mama akalala chini mulangoni, wakamuvuka. Mimi nikasema ngojeni. Nikasema kwetu mwenye chakula anaonja. Kama unga ni muzuri, aule mbele yetu, ukimufanya kitu tutajua, usipomufanya kitu muende zenu. Nilitaka kumuokoa. Ndivyo najiambia usiku.

Mama Mukubwa akacheka. Akasema, "Hiyo tu?" Akasonga mwenyewe, akajaza sahani ya wanaume, ile kubwa, bila mboga, maana haikuwapo. Alikuwa hajala tangu asubuhi, chakula chake alikuwa amempa Katungu. Alionja kama anavyoonja siku zote, akataka kuweka sahani chini. Théogène akasema hapana, yote. Mama Mukubwa akanitazama mimi. Nikamuambia, "Maliza, Mama Mukubwa, iishe." Akamaliza. Alikaa wima, anatafuna polepole, jicho halitoki kwangu. Akalamba vidole, akanionyesha sahani.

Tuliketi. Watu walianza kuchoka, wawili wakaondoka, na moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akasema kichwa kinamuuma. Akasimama, akatapika, akaanguka, mwili unaruka wote, povu mudomoni, pumzi inatafutwa na haipatikani. Watu wakapiga kelele wanasema mumeona, mumeona, sumu yake imemurudia. Wakaanza na mawe, kisha mapanga. Petroli aliimwaga Théogène. Kiberiti kilikuwa changu. Alikuwa bado anapumua. Aliniita jina lile la utoto, ambalo yeye peke yake analitumia, na sitaliandika hapa.

Katungu aliona yote toka mulangoni, kwa sababu hawezi kukimbia.

Sasa nimesoma barua yako ndefu na najua alikufa na nini. Sahani ya bugali mutupu juu ya tumbo tupu. Alikuwa hana kosa na sisi tulimulisha kosa letu lote.

Lakini kuna jambo lingine, ndilo limenifanya niandike. Kabla barua zako hazijafika, Élisabeth naye aliamka hasimami. Na tumbo lile. Watoto wawili wa jirani pia. Siku nilisoma barua yako nimeanza kulowesha kwenye pipa la papa ndani ya chumba, kwa siri. Watu wengine wa kijiji sijawaambia. Nikiwaambia unga ndio ugonjwa, wataniuliza basi mama yule tulimuua kwa nini, naye ni dada ya mama yetu, na nusu ya kijiji ni damu yake. Watanimaliza. Nikinyamaza, Théogène na wenzake wameanza kuuliza nani sasa anapiga unga katika nyumba ya Donat. Jana aliniuliza tena akitabasamu. Nikamujibu nipeni muda.

Niambie nifanye nini. Wewe ndiye umesoma.

Donat


Goma, tarehe 4 mwezi wa tano 2025

Donat,

Barua hii haina salamu. Nimezitafuta nikazikosa.

Siku niliyosoma barua yako nililala chini na sikutaka kuinuka tena. Asumini alipika, akakaa karibu yangu, akaonja mbele yangu, na mimi nikalia mpaka majirani wakaja. Nilikula nikilia. Kikaratasi kile niliandika mimi. Injini ilikuwa inawaka na nikaandika neno sumu nikaacha maneno mengine yabaki njiani. Hilo nitalibeba mimi, usinibebee. Kiberiti beba wewe.

Umeniuliza ufanye nini. Jumapili baada ya misa, kabla watu hawajatawanyika, simama mbele ya kanisa na usome barua yangu ndefu, yote, kwa sauti, kama nilivyokuomba tangu mwezi wa kumi na mbili. Usiruke mahali ninaposema hakuna mutu aliyeitia. Kisha sema nani alikula, nani alimulazimisha amalize, nani aliwasha. Sema jina la Théogène na sema jina lako. Unaogopa watakumaliza. Inawezekana, nami naogopa. Lakini ukinyamaza watamumaliza Élisabeth na mutoto aliye tumboni, na watoto wa jirani wataendelea kuanguka mumoja mumoja, na kila mumoja akianguka watatafuta mama mwingine mwenye kinu. Muda uliowaomba ni wa Élisabeth. Si wako.

Wakiuliza watalowesha wapi na watu wa bunduki wanaiba, waambie ndani ya nyumba, kila nyumba chombo chake. Menya kwanza. Maji yafunike. Siku tatu, na kama ni baridi, nne. Ibonyee. Mwaga maji yale mbali na kuku. Kausha vizuri juani. Useni analeta gunia la karanga, mama yake Asumini amelinunua kwa pesa za sambaza zake, yeye aliyemuzika mutoto wake mwenyewe mwaka huu. Ni za watoto walioanguka na za Élisabeth. Wewe usiguse.

Na unga wa kwanza wa mihogo iliyoloweshwa hivyo ukiwa tayari, usonge wewe. Kaa uani, pale pale alipokaa yeye. Élisabeth abebwe nje aone, Katungu aone, na mama akae mbele yako. Pakua sahani ya wanaume, bila mboga, na uonje. Usiweke sahani chini. Kaa wima, tafuna polepole, mutazame mama usoni mpaka iishe. Ngojeni pamoja mpaka jua lizame.

Ukiwa bado umekaa, ndipo uwapakulie wao.

Masika